Darubini ipi kwa kazi za Malindi: 8x42, 10x42, 7x50 au skopu ya stendi?

Ukitafuta mtandaoni darubini ya kuona mbali, nusu ya ushauri utakaoupata umeandikwa kwa ajili ya wenye bunduki. Utasoma habari za vifundo vya kuzungusha, kimoja juu na kimoja ubavuni, na risasi inashuka sentimita ngapi kwa mita 600. Ni elimu nzuri kwa nchi ambako watu wanawinda au wanashindana kwa shabaha. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na anayetafuta darubini Malindi leo ni mwongoza watalii wa mlango wa mto Sabaki, kijana wa boti inayokwenda kutazama nyangumi, mwanafunzi anayehesabu ndege kwenye hori la Mida, au mzee aliyestaafu anayetaka kukaa barazani na kujua ni chombo gani kile kinachopita nje ya mwamba.

Vile vifundo vya bunduki havikuonyeshi zaidi. Kazi yake ni kusogeza nukta ya kulengea: mbofyo mmoja wa 0.1 mil, kipimo cha pembe, husogeza shabaha sentimita 1 kwa mita 100. Ukiitoa darubini hiyo kwenye bunduki unabaki na bomba la jicho moja, lenye uwanja mwembamba na lisilotulia mkononi. Iache waliko wenyewe. Zinazofaa kulinganishwa hapa ni nne: 8x42, 10x42, 7x50 ya baharini, na skopu ya stendi inayokuza mara 20 hadi 60.

Wengi huanza na swali la "inavuta mbali kiasi gani?" Mimi naanza na lingine: wewe unasimama wapi? Juu ya mchanga mgumu, ndani ya boti ya fiba kusi likivuma, au chini ya miti ambako jua halifiki? Mahali unapokanyaga ndipo panapoamua ukuzaji unaoweza kuutumia. Ukizidi hapo, umelipia tetemeko.

Ya kupima kabla ya kuuliza bei

Namba zenyewe kwanza, kwa sababu wauzaji wanazitumia vibaya. Katika 8x42, nane ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Arobaini na mbili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. 8x42 inatoa milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2, na 7x50 inatoa 7.1. Skopu yenye lenzi ya milimita 80 inatoa 4 ukiwa kwenye mara 20, na ukiivuta hadi mara 60 inabaki na 1.3 tu.

Mboni ya jicho adhuhuri ufukweni hujibana hadi milimita mbili au tatu, kwa hiyo mchana darubini yoyote kati ya hizi inatosha, isipokuwa skopu iliyovutwa hadi mwisho. Tofauti inaonekana alfajiri, magharibi na msituni. Gizani mboni ya kijana inaweza kufika milimita 7. Umri ukienda hupungua, na waliopita hamsini wengi hawazidi 5.

Jambo la pili ni mkono. Kila ukuzaji unaoongeza unakuza na mtikisiko wa mikono, mapigo ya moyo na mawimbi. Kwa watu wengi mara 10 ndiyo mwisho wa kushika kwa mikono nchi kavu, na ndani ya chombo ni mara 7.

La tatu ni upana wa uwanja. Ukuzaji mkubwa huja na dirisha dogo, na kiumbe anayekimbia anatoka dirishani kabla hujamtambua. Pamoja na hilo angalia ukaribu, yaani fokasi inaanza umbali gani. Mtu wa vipepeo anahitaji mita 2. Nahodha hahitaji hata mita 20.

La nne ni chumvi na unyevu, na hapa pwani naliweka juu kuliko wanavyoliweka waandishi wa bara. Darubini isiyofungwa vizuri ikipitishwa masika mawili matatu inaota fangasi ndani ya lenzi, nyuzi nyuzi za kijivu ambazo hazifutiki kwa kitambaa. Tafuta iliyojazwa nitrojeni na kuzibwa kwa mipira. Alama ya IPX7 maana yake imejaribiwa ndani ya maji ya mita 1 kwa dakika 30. Haimaanishi kwamba inaelea; nyingi zinazama moja kwa moja. Ukirudi kutoka baharini usiifute ikiwa kavu, maana punje za chumvi zinakwaruza ile rangi ya kinga juu ya lenzi. Imwagie kwanza maji matamu kidogo, kisha ufute. Visima vingi vya mjini Malindi vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo tumia maji ya mvua au ya chupa.

Mwisho ni uzito, na miwani. Ukivaa miwani, tafuta darubini ambayo jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi na bado ukaona uwanja wote. Kama haifiki hapo utakuwa unatazama kupitia tundu la ufunguo.

Jaribio la rula

Kuna vidarubini vya jicho moja vinavyotangazwa kwenye simu kila siku, vimeandikwa 40x60, na picha ya mwezi pembeni. Kikifika mkononi kipime hivi. Kinyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, lenzi kubwa ikielekea angani, mbali na jua. Kwenye lenzi ndogo ya jicho utaona kiduara cheupe cha mwanga kimeelea. Weka rula juu yake. Kama kweli ni 40x60, kiduara kinapaswa kuwa milimita 1.5, kama ncha ya kalamu. Ukikuta milimita 5, basi sitini gawanya kwa tano ni kumi na mbili: umeuziwa mara 12 kwa jina la mara 40. Na kama lenzi ya mbele yenyewe haifiki milimita 60 ukiipima, ukuzaji wa kweli unashuka zaidi.

Jaribio hilohilo linafaa kwa darubini yoyote. Tazama pia umbo la kiduara. Kikiwa mviringo safi, prizimu ndani, yaani vioo vinavyopindisha mwanga, ni nzuri, mara nyingi ya kioo cha BaK-4. Kikiwa na pembe zilizokatwa kana kwamba kinataka kuwa mraba, kioo ni cha daraja la chini na mwanga wa pembeni unapotea.

8x42

Hii ndiyo ningempa mtu ambaye hajui bado atafanya kazi gani nayo, na ndiyo ninayoiona shingoni mwa waongozaji wengi wa Arabuko-Sokoke. Msitu ule una kilomita za mraba 420 hivi na kila sehemu ina mwanga wake. Kwenye miti ya mirihi jua linapenya, na kwerekwe wa Clarke, ambaye duniani kote anapatikana Kilifi tu, anapita juu kwa makundi yasiyotulia. Ukiingia kwenye vichaka vizito, ambako bundi mdogo wa Sokoke analala mchana, kuna kiza saa nne ya asubuhi. Bundi huyo hafiki sentimita 20, rangi yake ni ya majani makavu, na ukishaonyeshwa mara ya kwanza utatazama tawi tupu dakika nzima.

Hapo ndipo upana unapolipa. Kwa mita 1,000 darubini ya 8x42 ya kawaida inaonyesha uwanja wa mita 120 hadi 140. Ukiuleta hadi mita 15, umbali wa msituni, unapata kama mita 2 za majani kwa mtazamo mmoja. Kwa 10x42 ni mita 1.6. Sentimita 40 hizo ndizo sange akikimbia chini ya kichaka anaonekana au haonekani. Mwanga wa milimita 5.25 unatosha jioni hata kwa macho ya mzee. Mkono unatulia bila mafunzo. Nzuri zake zinashika fokasi kuanzia mita 2 hadi 2.5, kwa hiyo zinawafaa pia watu wa vipepeo, wakiwemo wale wa mradi wa Kipepeo wa Gede unaonunua pupa (vipepeo ambao hawajatoka kwenye ganda) kutoka kwa wakazi wa kandokando ya msitu tangu 1993.

Uzito wake ni gramu 600 hadi 800. Za siku hizi nyingi zimezibwa dhidi ya maji. Ndani ya boti inatumika, ingawa bahari ikichafuka utaanza kuitamani ya mara 7.

Udhaifu wake uko Sabaki. Ukisimama kwenye mlango wa mto maji yamepwa, vitwitwi wadogo wako mita 300 kwenye matope, na wote wanafanana. Kwa mara 8 utajua ni wengi. Utajua ni aina gani kwa kubahatisha.

10x42

Watu hununua hii kwa sababu kumi ni kubwa kuliko nane. Ni kweli ni kubwa, kwa robo. Ndege aliye mita 100 anasogea hadi mita 12.5 kwa ya nane na hadi mita 10 kwa ya kumi. Tofauti hiyo ina maana ukiwa mahali pa wazi na umetulia: rangi ya miguu ya kitwitwi, mstari juu ya jicho, mdomo uliopinda kidogo au ulionyooka. Mida maji yakianza kujaa na kuwasukuma ndege kuelekea mikoko, wakiwa pamoja na wale weupe wenye migongo myeusi na midomo minene wanaovunja kaa, 10x42 inaonyesha yale ambayo 8x42 inayakosa.

Lakini ukiwa Mida chagua pa kusimamia. Lile daraja la mbao la kuning'inia kupitia mikoko linacheza kila mtu anapopita, na kwa mara 10 unahisi hatua za mtalii aliye nyuma yako hata kabla hujamsikia. Subiri hadi ufike kwenye kibanda cha mwisho. Kwenye nchi kavu bana viwiko kifuani, egemea mti, au keti na uweke viwiko magotini.

Mwanga wa milimita 4.2 ni wa kutosha hadi jua linapozama, kisha 8x42 inaishinda kwa dakika za mwisho. Uwanja ni mita 100 hadi 115 kwa mita 1,000. Uzito na uzibaji ni sawa na dada yake, maana mara nyingi ni modeli ileile yenye lenzi tofauti ndani, na bei zinakaribiana. Fokasi ya karibu pia hazipishani sana. Baharini sitaipendekeza. Nahodha mmoja wa makamo aliishika siku ya kusi, akaitazama bahari, akamrudishia kijana wake.

"Mwanangu, humu ndani bahari yote inacheza ngoma."

"Lakini ami, inavuta."

"Inavuta, ndiyo. Mpaka na tumbo."

Inamfaa mtu wa peke yake, mwenye mkono mtulivu, ambaye kazi yake ni pwani ya wazi, mashamba ya chumvi ya huko Gongoni au nyika ya Tsavo, na ambaye hana bajeti ya skopu. Kwa huyo, 10x42 ni skopu ya maskini, nami nasema hivyo kwa heshima.

7x50 ya baharini

Umbo lake ni la kizamani: pana, lenye mabega, prizimu za Porro. Mtaliano Ignazio Porro aliusajili mpango huo wa prizimu mwaka 1854, kwa hiyo Malindi tuna haki ya kusema si piza peke yake tuliyoletewa na Wataliano. Mpango huo una faida hadi leo: kwa bei ya chini, darubini ya Porro karibu kila mara ina picha safi kuliko ile nyembamba iliyonyooka ya bei ileile, kwa sababu prizimu za ile nyembamba zinataka ufundi na rangi maalumu ambazo kiwanda cha bei rahisi huziruka.

Mara 7 ni kidogo, na ndiyo sababu inafaa chomboni. Lile duara la milimita 7.1 linasaidia kwa namna ambayo haiandikwi kwenye boksi. Chombo kinapopiga wimbi, jicho lako linahama milimita mbili tatu kutoka mahali pake. Kwa darubini ya duara jembamba picha inakatika na giza linaingia, kwa 7x50 jicho bado liko ndani ya mwanga. Kwa hiyo hata mzee ambaye mboni yake haifunguki zaidi ya 5 ananufaika nayo. Na alfajiri, wavuvi wanapotafuta maboya ya nyavu kabla jua halijatoka, hakuna kati ya hizi nne inayoifikia.

Nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari za kusini, karibu na Antaktika, na huku kwetu wanaonekana zaidi Julai hadi Septemba. Ndiyo miezi ya kusi, bahari imechafuka. Ule mvuke wa pumzi yao mara nyingi unauona kwanza kwa macho matupu, kisha unanyanyua darubini. Unachohitaji ni uwanja wa kutosha kumpata tena alipoibukia, na picha isiyoruka. Mara 7 inatosha kabisa kuona mkia.

Nyingi za baharini hazina gurudumu la fokasi la katikati. Unalenga kila jicho peke yake mara moja, na kuanzia mita 20 hivi hadi upeo wa macho kila kitu kiko wazi. Baharini ni raha. Msituni haifai kitu: ndege wa mita 6 ni ukungu, na hadi umalize kuzungusha macho yote mawili ameshahama kata. Uwanja wake ni kama mita 120 hadi 130 kwa mita 1,000, sawa na wa 8x42. Uzito ni kilo moja na zaidi, na saa ya pili shingo inakumbuka. Nunua mkanda wa kuelea.

Baadhi zina dira ndani na vistari vya kupimia umbali. Vistari hivyo ni vya mil, kipimo kilekile cha wale wa bunduki, na hapa kina kazi ya halali. Chukua urefu wa kitu unachokijua kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa idadi ya mil kinachofunika. Mlingoti wa mita 12 ukifunika mil 6, uko mita 2,000. Dira usiisogeze karibu na injini wala simu, itakudanganya.

Skopu ya stendi, 20 hadi 60

Huku tunaingia kwenye kitu kingine. Ni bomba moja lenye lenzi ya mbele ya milimita 60 hadi 85, na lenzi ya jicho unayoizungusha kutoka mara 20 hadi 60. Bila stendi haitumiki, kwa hiyo swali la mkono linakuwa swali la stendi. Watu hutumia fedha zote kwenye skopu kisha wakanunua stendi ya simu. Upepo wa kusi pale Sabaki utaitikisa kama bendera. Chukua stendi yenye miguu minene, usiinyanyue nguzo ya katikati, na tundika mfuko wa mchanga chini yake. Mchanga hauna bei. Ukirudi osha maungio ya miguu kwa maji matamu, la sivyo baada ya miezi yanang'ang'ana na huyafungui tena.

Sabaki ndiyo makao yake. Mto ule, ambao bara unaitwa Athi na kisha Galana, unamwaga matope mekundu kaskazini ya mji, na juu ya mafungu ya mchanga wanakusanyika buabua, shakwe, heroe, na ndege wa msimu waliovuka kutoka Ulaya na Asia kuja kukaa nasi kaskazi. Baadhi wamevishwa pete za rangi miguuni. Kusoma pete ile ni kazi ya mara 40 na kuendelea. Darubini ya mkono yoyote haiwezi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo tangazo halisemi. La kwanza ni joto. Jua likipanda, hewa juu ya mchanga inaanza kucheza, mazigazi, na ukivuta mara 60 saa tano ya mchana utaona supu. Wakati huo rudi mara 25 au 30, picha ni ndogo lakini ina maana. Kwa hali yetu ya hewa mara 60 ni ya asubuhi na ya jioni. La pili ni jua lenyewe. Pwani ya Malindi inatazama mashariki, asubuhi jua linatoka baharini na linakupiga usoni huku ndege wote wakiwa vivuli vyeusi. Jioni jua liko mgongoni na rangi zote ziko wazi. Basi tafuta siku ambayo maji yanajaa jioni, ndege wasukumwe karibu na mwanga uwe upande wako. Siku za bamvua maji huja na nguvu na wanabanwa kwenye fungu dogo la mchanga. Maji mafu wanatawanyika.

Uwanja ni mwembamba: kama mita 35 hadi 40 kwa mita 1,000 ukiwa kwenye mara 20, na nusu ya hapo ukivuta hadi mwisho. Kwa hiyo skopu haitafuti, inathibitisha, na lazima uwe na darubini ya mkono ya kutafutia. Mwanga kwenye mara 60 ni hafifu. Uzito wa skopu ya milimita 80 pamoja na stendi ya maana unapita kilo 3, na kutoka daraja la Sabaki hadi mlango wa mto ni mchanga. Ya milimita 65 ni nyepesi na mchana haipungui sana. Kwenye boti iache nyumbani.

Kuna ya lenzi iliyopinda na ya moja kwa moja. Kwa mwongozaji mwenye kikundi ningechukua iliyopinda: unaiweka kwa kimo cha mfupi wenu na warefu wanainama. Iliyonyooka ni rahisi kulenga na inafaa kutumia dirishani mwa gari. Na yapo yale mabano ya kushikilia simu kwenye lenzi. Mtalii akiondoka na picha ya heroe iliyopigwa kwa simu yake mwenyewe, bakshishi inaongea.

Za pembeni

Zile za betri zinazotuliza picha, kama za Canon, zinafanya muujiza kwenye boti. Nyingi hazijazibwa dhidi ya maji, na hapo kwangu mazungumzo yanaishia isipokuwa una fedha za zile chache zilizozibwa. Vidogo vya 8x25 vya mfukoni vinatoa mwanga wa milimita 3.1: sawa kwa mchana, msituni usivibebe. Na zile za kuvuta, 10 hadi 30 kwa mkono mmoja, sijaona iliyo nzuri.

Ukipata ya mitumba, labda ya mgeni anayehama, imulike kwa tochi kutoka mbele na utazame ndani: utando kama wa buibui ni fangasi, iache. Kisha tazama ukingo wa paa la mbali kwa macho mawili. Ukiona paa mbili, au kichwa kikianza kuuma baada ya dakika, prizimu zimehama kwa kuanguka, na fundi wa saa wa mjini hataziweza.

Kwa hali yako

Ukiongoza watalii Arabuko asubuhi na Mida jioni, chukua 8x42. Ukiwa unavaa miwani, iwe 8x42 bila kusita, maana katika modeli nyingi ya mara 8 inaacha nafasi kubwa ya jicho kuliko ya mara 10.

Ukifanya kazi ya pwani ya wazi, mashamba ya chumvi na safari za Tsavo, na mkono wako unatulia, 10x42 itakupa zaidi kwa bei karibu ileile. Nenda dukani ukazishike zote mbili, utazame maandishi ya kibao cha mbali. Ukiyasoma kwa nane na kwa kumi yanaruka, umeshajibiwa.

Nahodha, mvuvi, askari wa hifadhi ya bahari, na mwenye boti ya nyangumi: 7x50. Kama ukiwa chomboni siku moja kwa wiki na msituni siku tano, baki na 8x42 na uvumilie siku hiyo moja.

Mwanafunzi au mtafiti anayehesabu vitwitwi na kusoma pete hana njia ya kuikwepa skopu. Akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, anunue 8x42 sasa na aazime skopu siku za hesabu. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu huwezi kumtafuta ndege kwa skopu.

Mzee wa barazani mwenye ukuta wa kuegemea anaweza kuwa na yoyote. Kama baraza linatazama bahari na anapenda vyombo, skopu ndogo ya milimita 60 juu ya stendi fupi ya mezani itampa majina ya majahazi. Kama wajukuu watakuwa wanaishika, mnunulie 7x50 ya Porro ya bei ya chini, ikianguka isiume sana.

Na waongozaji wanaofanya kazi kwa kikundi: kila mmoja awe na 8x42 yake shingoni, na mchange pamoja skopu moja ya milimita 80 yenye lenzi iliyopinda, ikae kwa mtu mmoja mwenye kabati kavu, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.